Dawa ya birika

Ijumaa mchana famasi yetu hapa Ngamiani, Tanga, huwa kimya. Wanaume wametawanyika kutoka msikitini, kina mama wanapakua, na mimi hupata nafasi ya kufuta vumbi kwenye rafu na kutenga dawa zinazokaribia kuisha muda. Saa hiyo ndiyo aliyoichagua kuja kijana wa nyumba ya pili kutoka kwetu, kanzu ingali mwilini, kofia kaikunja mfukoni, mkononi kikopo cha siagi kilichofungwa kwa mpira.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi. Nina jambo, lakini la siri."

Alifungua kikopo juu ya kaunta. Unga mweupe, chembe ndogo zinazong'aa kama sukari ya mashine. Nilichovya kidole nikalamba (msinifuate, wanafunzi wa famasi, mimi namjua kijana na najua anakonunua). Uchachu ulinikaza taya. Asidi ya sitriki, hii hii inayouzwa kwa kupimwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni na juisi.

Kijana huyu ana kazi yake ya ajabu kidogo. Anapita kwenye migahawa ya Ngamiani na Makorora, na akiitwa hufika hadi Chumbageni, kusafisha mabirika. Kama hujawahi kuchemsha maji ya kisima cha huku pwani hutaelewa kuwa hiyo ni kazi ya mtu mzima. Maji yetu yamekaa kwenye mawe ya chokaa na matumbawe, yamebeba chokaa hiyo ikiwa imeyeyuka, na ukiyapasha moto inaganda ndani ya birika. Wiki ya kwanza ni ukungu mweupe. Mwezi wa pili ni ukoko. Mwaka wa pili mama ntilie anachoma mkaa mara mbili kuchemsha maji yale yale, na chai inatoka na vipande kama maganda ya yai.

"Nataka hataza," akasema. "Nimeambiwa naandika BRELA, kule kwa wasajili wa biashara, nalipia, halafu mtu yeyote akisafisha birika kwa unga huu ananilipa mimi."

Nikacheka. Nasema ukweli, nilicheka kwa sauti, na wateja wawili waliokuwa wameingia wakacheka na mimi. Nikamwambia bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, alikuwa anakata ndimu mbili, anazitupa kwenye birika na maji, anachemsha, anamwaga, kazi imekwisha. Ndimu ina nini kama si sitriki? Wewe umetoa ganda na kokwa tu, ukabakiza unga.

Alifunga kikopo chake taratibu, akazungusha mpira mara tatu. Kabla hajatoka akaniambia, "Shangazi, wewe umejua leo baada ya mimi kukuonyesha. Jana ulikuwa unatumia nini kwenye birika lako?"

Jana nilikuwa natumia msumari. Nakwangua.

Swali lake lilikaa nami hadi usiku. Mimi si mwanasheria, ni fundi dawa sanifu, cheti changu kinanipa ruhusa ya kukuhesabia vidonge na kukuonya usivichanganye na pombe. Lakini kazi hii ukiifanya miaka kumi na nne unaanza kuona kwamba nusu ya yanayotokea kwenye rafu yako yameamuliwa mahakamani, mbali sana na Tanga, na watu waliobishana juu ya asidi. Nikaanza kusoma. Nilichokipata nakiandika hapa, kwa sababu nadhani ni deni.

Hataza, kwetu na karibu kote duniani, inataka mambo matatu. Kitu kiwe kipya, kiwe na matumizi, na kiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani kisiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo. Hilo la tatu ndilo linalowagharimu watu mawakili na fedha. Upya unaweza kuutafuta kwenye makabrasha. Udhahiri unautafuta kichwani mwa mtu ambaye hayupo: fundi wa kubuni, si mjinga wala si bingwa, aliyesoma kila kilichoandikwa kwenye fani yake, na ambaye tunamuuliza, siku moja kabla ya mvumbuzi kuja, ungefanya hivi?

Angalia neno "kabla". Kijana alilisema kwenye kaunta yangu bila kusoma sheria yoyote.

Kitu cha kwanza kilichonishika kilikuwa kwenye mfuko wa dawa za mama yangu. Mama ana presha, anameza amlodipini miligramu 5 kila asubuhi baada ya chai. Kwenye boksi, chini ya jina, kuna maandishi madogo yanayosema amlodipini ipo kama besileti. Nimeyaona maandishi hayo mara elfu na sikuwahi kuyafikiria. Besileti ni asidi. Kwa usahihi ni mabaki ya asidi ya benzini-sulfoniki baada ya kuungana na dawa. Amlodipini yenyewe ni besi, yaani kinyume cha asidi, na besi nyingi za dawa hazikubali kuwa kidonge kizuri zikiwa peke yake, kwa hiyo mkemia anaziunganisha na asidi fulani, anapata chumvi. Si chumvi ya mchuzi. Chumvi kwa lugha ya maabara. Ndiyo maana kwenye rafu yangu kuna haidrokloridi, salfeti, maleeti, sitreti na wenzao. Wateja hudhani hayo ni majina ya kampuni.

Kampuni ya Pfizer ilikuwa tayari na hataza ya amlodipini, na humo walisema chumvi wanayoipendelea ni maleeti. Walipofika kiwandani maleeti ikawatesa. Asidi ya maleiki ina kiungo maradufu kati ya kaboni mbili, na amlodipini ina mkono wa naitrojeni wenye uchu. Ukiwaweka pamoja muda mrefu wanaanza kushikana, dawa inaharibika. Juu ya hilo, mchanganyiko ulikuwa unanata kwenye mashine ya kugandamiza vidonge. Aliyewahi kukanda unga wa mahamri bila mafuta mkononi ameshaelewa.

Basi mtaalamu wao wa kutengeneza vidonge akashauri wajaribu chumvi nyingine, saba hivi. Wakazipima kwa kuyeyuka, kudumu, kunyonya unyevu na kunata. Besileti ikaibuka vizuri kote. Wakaiombea hataza yake peke yake, wakapata, na dawa ikauzwa duniani kote kwa jina la Norvasc.

Kampuni ya Apotex ya Kanada ilipotaka kuitengeneza nayo, wakaenda mahakamani. Mahakama ya chini ikaipa Pfizer. Tarehe 22 Machi 2007 mahakama ya rufaa ya Marekani inayoshughulikia hataza ikageuza: hataza batili, besileti ilikuwa dhahiri. Hoja yao ilijengwa juu ya makala moja ya 1977 iliyokuwa na orodha ya asidi 53 ambazo wakala wa dawa wa Marekani alikuwa ameshaziridhia kwa chumvi za dawa. Pfizer walisema hapo penyewe ndipo penye ushahidi wetu: asidi 53, na besileti ilitumika kwenye robo tu ya asilimia moja ya dawa. Nani angeiokota hiyo? Majaji wakajibu kwamba fundi wa kawaida, akiwa na tatizo la kunata na kuharibika, akiwa na orodha mezani, angepunguza hizo 53 hadi chache kisha angezijaribu moja moja kwa vipimo vya kila siku. Na kujaribu kwa namna hiyo ni kazi ya kiwandani. Wanaofanya kazi hiyo wanalipwa mshahara.

Hapa nilisimama kusoma nikaenda kupika chai, kwa sababu hukumu hii ilinikera. Hivi kweli ni dhahiri? Mwenye kusema hivyo analiona jibu limeshaandikwa kwenye boksi la mama yangu. Kemia haina adabu hiyo. Huwezi kukaa kwenye kiti ukatabiri chumvi ipi itanata. Hata Pfizer hawakutabiri, walijaribu. Kama huwezi kutabiri, unaitaje dhahiri?

Lakini nilivyoendelea kunywa chai, upande wa pili ukaanza kunikalia. Nilimfikiria mama anayeuza achari ya embe pale sokoni Mgandini. Achari yake ikichacha vibaya, atajaribu siki badala ya ndimu. Isipokubali, ukwaju. Halafu ndimu na chumvi zaidi. Hajui ipi itakubali, ila anajua ziko ngapi na anajua atamaliza zote kabla ya Jumamosi. Akifika kwenye ukwaju na ikakubali, je, nimzuie kila muuza achari wa Tanga asitumie ukwaju miaka ishirini? Jasho lake nimeliona. Lakini kila mwenzake angepita njia hiyo hiyo, kwa mpangilio huo huo, na angefika.

Hapo ndipo neno "dhahiri" lilipoanza kunikaa sawa. Halisemi kazi ilikuwa rahisi, wala halisemi jibu lilijulikana. Linauliza wenzake wa kazi wangegeukia wapi.

Mwezi mmoja na siku chache baada ya hukumu hiyo, tarehe 30 Aprili 2007, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ikatoa uamuzi wa KSR na Teleflex, juu ya kitu kisichohusu asidi hata kidogo: pedali ya gari. Majaji wakasema fundi wetu wa kubuni ana akili ya kawaida ya kubuni, si roboti. Akiwa na tatizo na njia chache zinazojulikana, atazijaribu, na zikileta walichotarajia, huo ni ufundi. Tangu hapo wenye hataza za chumvi wamekuwa na usiku mrefu.

Kuna kipande kingine cha sheria ya Marekani, cha 1952, ambacho nilikisoma mara tatu. Kinasema namna uvumbuzi ulivyopatikana haiuondolei haki. Historia yake ni kwamba mwaka 1941 mahakama yao, kwenye kesi ya kiwashio cha sigara cha gari, ilikuwa imedai uvumbuzi uonyeshe mwako wa kipaji, kama vile kila hataza lazima izaliwe na mtu aliyeruka kutoka bafuni akipiga kelele. Sheria ikafuta hilo. Ukigundua kwa miaka kumi ya kuhesabu, sawa. Ukigundua kwa sababu mvua ilinyesha, sawa vilevile. Shikeni hilo la mvua.

Siki sasa. Kila aliyefanya kazi famasi mji wa joto na unyevu kama huu anajua kipimo cha aspirini kisichohitaji maabara: fungua mkebe, nusa. Ikinuka siki, tupa. Aspirini ni asidi ya salisiliki iliyofungwa na kipande cha asidi asetiki, na asidi asetiki ndiyo siki yenyewe. Unyevu ukiingia, fundo linafunguka, siki inatoka, na mgonjwa anabaki na asidi ya salisiliki inayouma tumbo. Nimefungua mikebe ya namna hiyo mwezi wa nne, msimu wa masika, harufu ikapanda puani kama kachumbari.

Kiunga hicho alikitengeneza Gerhardt wa Ufaransa mwaka 1853, kikiwa kichafu. Mwaka 1869 Kraut wa Ujerumani alikitengeneza tena. Halafu mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Bayer akakipata kikiwa safi, kinachofaa kumezwa, na Bayer wakakiombea hataza. Nchini kwao Ujerumani hawakupata. Uingereza na Marekani walipata. Na hapa ndipo ninapopapenda: mwaka 1905 jaji mmoja wa London, Joyce, aliipitia hataza ya Uingereza akaivunja. Kwake, Kraut alishafika, na Hoffmann alisafisha tu. Mwaka 1910 mahakama ya rufaa ya Chicago, kwenye kesi dhidi ya muuza dawa wa huko, ikapewa dawa ile ile na karatasi zile zile za Kraut, ikaamua kinyume. Kwao, Kraut alikuwa na kitu kisichofaa kwa mgonjwa. Hoffmann alitoa humo dawa. Hataza ikasimama Marekani hadi ilipoisha mwaka 1917.

Zamani zile hawakuigawa hoja kama sisi, mengi waliyamimina ndani ya neno "upya". Lakini swali ni la kijana wangu. Ndimu ya bibi ina sitriki, ndani ya maji, nyuzi na mafuta ya ganda. Kuitoa ikawa unga, je, umesafisha tu au umeleta kitu? London angeshindwa. Chicago, sijui, labda angepata chai na wakili.

Nikasoma na ya plastiki, hii nitaipitisha haraka. Kuna asidi inaitwa asidi ya furani-dikaboksiliki, inatengenezwa kutokana na sukari, na watu wanaitamani kwa kutengenezea chupa. Kampuni ya Synvina walikuwa na hataza ya kuitengeneza ndani ya asidi asetiki (siki tena!), kwa kobalti, manganizi na bromini, kwenye joto la kati ya nyuzi 140 na 200 na shinikizo la oksijeni la kati ya ba 1 na 10. Kampuni ya DuPont wakaipinga. Maandishi ya zamani yalikuwa yameshataja kiyeyushi hicho, vichocheo hivyo na joto la kuanzia 50 hadi 250. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema: mwenye kudai kipande cha katikati ya uwanja ambao wengine walishaupiga uzio, aonyeshe kuwa kwenye kipande hicho kuna jambo lisilotarajiwa. Hawakuonyesha. Kugeuza kitasa cha moto hadi upate kiwango kizuri, kila mpishi anageuza.

Nilipofika hapo nilishaamua kijana hana kesi na mimi sina hatia. Halafu nikakutana na foliki.

Asidi ya foliki ni kidonge kidogo cha njano ninachowapa wajawazito kila siku. Pemetreksedi ni dawa ya saratani ya kampuni ya Eli Lilly inayofanya kazi kwa kuinyima seli ya saratani matumizi ya foliki. Ilikuwa inaua wagonjwa wengine kwa ukali wake. Lilly wakagundua kwamba ukimpa mgonjwa foliki na vitamini B12 kabla, ukali unapungua na dawa bado inapigana. Wakapata hataza. Wapinzani wakasema ni dhahiri, mtu amesumbuliwa na dawa inayopinga foliki, mpe foliki, nani hajui? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ile ile ikakataa. Fundi wa kawaida angeogopa. Unampa mgonjwa silaha inayopinga foliki kisha unamlisha foliki? Utaizima dawa yenyewe. Maandishi ya wakati huo yalikuwa yanamvuta upande mwingine, na Lilly wakaenda huku.

Nikaizima simu niliyokuwa nasomea. Kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba sikumuuliza kijana hata swali moja. Nilionja, nikacheka.

Jumapili jioni nilimfuata kwao. Alikuwa barazani anang'arisha birika la alumini la mgahawa fulani, moja la lita nane, lina matundu kwenye mpini. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake, kwa sababu nilimcheka mbele ya watu. Kisha nikamwambia anieleze tangu mwanzo, anafanyaje.

"Naweka vijiko vitano kwa lita moja, maji baridi, nalaza hadi asubuhi."

"Huchemshi?"

"Nikichemsha haikubali."

"Haikubali vipi? Bibi yangu alikuwa anachemsha. Kila mtu anachemsha."

Ndiyo, akasema, na yeye mwanzo alikuwa anachemsha. Halafu masika ya mwaka jana alikuwa kwenye mgahawa mmoja, kaweka unga, na mkaa wote umelowa. Wamepuliza hadi macho mekundu, moto hakuna. Akaliacha birika na dawa yake, akaenda kulala. Asubuhi akakuta maji yamekaa safi na chini birika linaonyesha uso. Alivyorudi kwenye birika la siku nyingine, akachemsha kama kawaida, akakuta mchanga mweupe umetapakaa chini, na ukiusugua hautoki vizuri. Akarudia mara nyingi. Moto unaleta mchanga. Baridi hauleti.

Nilikwenda nyumbani sijaamini. Tuna mabirika mawili yenye ukoko, langu na la mama. Nikayawekea kipimo kilekile. La mama nikalibandika jikoni, langu nikaliacha kwenye sinki. Ndani ya langu, mwanzoni, vilipanda vipovu vidogo vidogo, mstari kwa mstari, kutoka kwenye ukoko, na ukisogeza sikio unasikia kama soda inayokaribia kuzimika. La mama lilifurika povu haraka likaniunguza kidole. Baada ya nusu saa la mama limetulia, nikamimina: maji kama tui la mwisho, na chini tope jeupe laini limenasa pembezoni. Asubuhi yake nikamimina langu. Maji karibu ya kunywa. Kipande kimoja cha ukoko kilikuwa kimebaki chini ya mdomo wa birika, nikakigusa kwa ukucha kikadondoka chenyewe.

Kemia yake niliitafuta, na ni nzuri. Asidi ya sitriki inapokula chokaa inatengeneza kalsiamu sitreti. Vitu vingi vikipata moto vinayeyuka zaidi. Sukari, chumvi, vingi vya jikoni. Kalsiamu sitreti ina tabia ya ukaidi, moto ukipanda uyeyukaji wake unapungua, inaganda. Kwa hiyo unaiyeyusha chokaa kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa mkono mwingine. Bibi yangu hakuliona hilo kwa sababu ndimu mbili zina asidi kidogo na birika lake lilikuwa la wiki moja.

Mnaona ilipofika. Niliyemcheka kwa kutumia sitriki hakuwa anadai sitriki tu. Yeye mwenyewe hakujua adai nini. Unga ni dhahiri, nasimama hapo hapo. Lakini ubaridi? Kila mama, kila mpishi, kila maji moto yenye ndimu yanasema chemsha. Wenzake wote wangegeukia motoni. Yeye aligeukia upande mwingine, na hata kama ni mvua iliyomgeuza, sheria ile ya 1952 inasema mvua haimnyang'anyi kitu.

Nilimpigia simu dada yangu aliyeko Muscat kumsimulia, nimejaa furaha kama hataza ni yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Ile jagi ya umeme niliyokuletea Idi, na ule mfuko mdogo uliokuja nayo, uliutupa?"

Sikuutupa. Ulikuwa kwenye droo ya vijiko pamoja na betri zilizokufa na risiti za LUKU. Mfuko mdogo wa karatasi, dawa ya kusafishia jagi, umeandikwa kwa lugha nne. Kiungo: asidi ya sitriki. Maelekezo: tumia maji baridi au vuguvugu, usichemshe.

Miaka miwili mfuko huo ulikuwa ndani ya droo yangu, hatua nne kutoka kwenye birika ninalokwangua kwa msumari. Hatua ya uvumbuzi alikuwa nayo, angalau kwa sisi wa Ngamiani. Upya ndio uliomtoka, na upya ukitoka hakuna jaji wa kumwendea, si wa London wala wa Chicago. Sheria haiulizi kama wewe ulikuwa umelisoma karatasi hilo. Inauliza kama lilikuwepo.

Nilimwonyesha. Aliusoma mfuko pande zote nne, pamoja na Kiarabu ambacho alijifunza chuoni, akaucheka, nami safari hii nikamwachia acheke peke yake. Kisha akauliza kama jina la dawa linaweza kusajiliwa. Hilo linawezekana, ni alama ya biashara, BRELA hao hao, na haiulizi udhahiri wa mtu. Tulikaa barazani tukichagua majina hadi adhana ya isha. Siyataji hapa, hajasajili bado.

Wiki iliyopita aliniletea pakiti ya kwanza, gramu hamsini, karatasi ya kahawia, imechapwa duka la fotokopi. Katikati, kwa herufi kubwa kuliko jina la dawa yenyewe, imeandikwa USICHEMSHE. Nikampelekea mama yangu. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, neno moja moja, akasema kijana ana akili. Akafungua pakiti, akaimimina kwenye birika, akalibandika jikoni.

"Mama, imeandikwa usichemshe."

"Nimeona," akasema, na kukoleza moto. "Hiyo ni kwa wasiojua."